Hatua Moja Pungufu

Siku ya tatu, harufu ilikuwa imeshatoka ghalani, ikavuka ua, ikawapokea getini. Koplo aligeukia ukutani, akatema mate, akafuta midomo kwa kiganja.

"Samahani, afande."

"Tema yote sasa hivi," Inspekta alimwambia. "Ndani hutemi. Ndani ni ushahidi."

Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye viatu vya raba na mkoba wa turubai begani. Kwa miaka mingi alikuwa amepangiwa vifo vya kazini, vile ambavyo wakubwa hupenda kuviita ajali kabla mwili haujapoa. Hiki cha sasa kilitokea Jumatatu asubuhi katika ghala la nyama baridi. Mama wa usafi, mjane wa miaka hamsini, alibanwa na toroli la umeme lisilo na dereva. Wafanyakazi walilibatiza toroli hilo Kobe kwa mwendo wake: hatua moja, sekunde kumi. Siku hiyo Kobe alikuwa amebeba tani moja ya matumbo ya ng'ombe yaliyogandishwa. Inspekta aliamuru asisogezwe hata inchi, na umeme wa ukumbi ukakatwa. Matumbo yalikuwa yameyeyuka tangu juzi.

Waliingia. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba walisikika kabla ya kuonekana. Maboksi yalikuwa yamelowa na kupasuka, na kimiminika cha rangi ya chai ya jana kilichuruzika kutoka mgongoni mwa Kobe mpaka chini, kikaganda kwa utando uliong'aa. Koplo alijikaza kisabuni. Inspekta alivuta pumzi kwa mdomo, na hata hivyo akahisi ladha ya uvundo ulimini.

Meneja alikuja akiwa ameshika leso iliyoloweshwa manukato. Alikuwa anatafuna jojo ya mnanaa. Manukato yalichanganyika na uvundo, yakafanya kitu cha tatu kibaya kuliko vyote viwili.

"Afande, mnatutesa," alisema. "Majirani wanalalamika. Saa tisa afisa wa afya anakuja na amri ya kuondoa uchafu huu wote na kupiga dawa. Na Kobe anaondoka leo hii, anakwenda kiwandani kwao kusafishwa ndani na nje."

"Sasa hivi ni saa ngapi, Koplo?"

"Saa saba na robo, afande."

"Basi tuna muda. Nipe ile karatasi niliyoiomba, ya amri alizopewa Kobe Jumatatu."

Meneja alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua kwa vidole viwili. "Mashine haina uongo. Ukitafuta mwenye kosa, ni yule pale." Alielekeza kidevu kwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, aliyekaa juu ya kreti akikumbatia mkoba wake. Huyo ndiye aliyeandika programu ya Kobe. Alikuwa amesimamishwa kazi tangu Jumatatu jioni. "Na marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mzito. Anasinzia amesimama. Muulize shemeji yake."

Shemeji yake alikuwa nyuma ya Meneja, mkubwa wa mwili, macho mekundu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu. Mkewe na marehemu walikuwa ndugu wa tumbo moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia shemejiye kazi ile.

"Ni kweli, afande," alisema, sauti ikimkatika. "Alikuwa hajiangalii. Nilimwonya mpaka nikachoka. Nyumbani nimewaambia, yaliyompata amejitakia, tumwombee tu." Akainamisha kichwa, akalia kwa sauti. Inspekta alimwangalia mpaka akamaliza. Machozi yalikuwa ya kweli.

"Ulikuwa wapi?"

"Chumba cha mitambo, juu kule." Alionyesha dirisha la kioo lililokuwa likitazama ukumbi mzima. "Nilikuwa nimelipa dirisha mgongo, najaza fomu. Niligeuka nikakuta yameshatokea."

"Haya."

Inspekta aliketi juu ya kreti, akatoa daftari la hesabu la mjukuu wake, lile lenye miraba. Sakafu ya ukumbi nayo ilikuwa imechorwa miraba kwa rangi ya njano, kila mmoja upana wa Kobe. Kutoka mlangoni kwenda ndani miraba ilihesabiwa moja hadi nane. Kutoka kushoto kwenda kulia ilipewa herufi, A hadi H. Alichora sakafu ile yote kwenye ukurasa mmoja, akatoa kifungo cha shati mfukoni, akakiweka pembeni.

"Kobe huanzia wapi?" alimuuliza mwanamke wa programu.

"A moja, mama. Pale kwenye chaja. Anatazama ndani."

"Na hizi herufi za kwenye karatasi?"

"M ni mbele, mraba mmoja. K ni kugeuka kulia papo hapo, bila kusogea. Hajui kingine."

Inspekta alisoma karatasi kwa sauti huku akisogeza kifungo. M tano: kifungo kikapanda kutoka A moja hadi A sita. K: kikageukia upande wa H. M sita: B, C, D, E, F, G. K tena: kikatazama mlangoni. M tatu: tano, nne, tatu.

"Anaishia G tatu," alisema. "Ndiko anakotakiwa kuishia?"

"Ndiko. Mlango wa kupakilia uko mbele yake. Anafanya safari hiyo mara kumi na moja kwa siku."

Inspekta alinyanyua macho. Kobe alikuwa amesimama mbele yao, nzi wamemfunika, uso wake ukitazama mlangoni. Chini ya magurudumu yake rangi ya njano ilisema F tatu. Mbele ya pua yake, nguzo ya zege ilikuwa na bomba la maji, na kati ya pua na nguzo hapakuwa na nafasi ya kupitisha kichwa. Hapo ndipo walipomtoa yule mama, kwa kumvuta ubavuni.

"Mmoja pembeni," alisema Koplo.

"Si ndiyo nilikwambia?" Meneja alidakia. "Programu mbovu! Kampuni imeingizwa mkenge na fundi wake."

"Programu mbovu ingempeleka F kila siku, mara kumi na moja," Inspekta alijibu. "Labda waliomtoa marehemu walimsukuma Kobe?"

"Huyu?" Koplo alisema. "Afande, tulijaribu juzi watu sita. Magurudumu yakifunga hayafunguki bila umeme."

Inspekta akamgeukia mwanamke wa programu. "Uwezekano mwingine ni kwamba wewe uliibadilisha karatasi hii baada ya ajali. Ulikuwa na nywila."

Mwanamke alikataa kwa kichwa. "Nilifungiwa nje ya mfumo saa tano siku ile ile. Na ningetaka kujiokoa, mama, si ningeandika safari inayoishia F tatu? Ningekupa karatasi inayolingana na mahali alipo."

Jibu lilikuwa zuri. Inspekta alikaa nalo kidogo, akirudisha kifungo A moja. Alizicheza tena hatua zote, polepole, akiwa amefunika pua kwa ukosi wa shati. Kuna M moja iliyokuwa kwenye karatasi lakini haikuwa sakafuni. Na haikupotea kwenda ndani wala kurudi mlangoni, maana namba ilikuwa sawasawa, tatu. Ilipotea kwenye safu ya sita, wakati Kobe anakwenda kulia.

"Karatasi inaandika nini?" aliuliza ghafla. "Mraba aliofika, au amri aliyopewa?"

"Amri aliyopewa."

"Na akipewa M huku mbele yake kuna kitu?"

Mwanamke wa programu alimtazama Meneja kwanza. "Ana jicho hapo mbele. Jicho likiona mtu au boksi ndani ya mraba unaofuata, hasogei."

"Halafu? Anasubiri njia iwe wazi, airudie hatua ile?"

"Ndivyo nilivyoandika mwanzoni." Sauti yake ilishuka. "Niliambiwa anapoteza muda. Niliambiwa asirudie. Asubiri sekunde kumi zake, kisha aende amri inayofuata. Niliandika barua, mama, nikasema akiruka hatua moja atageukia njia isiyo yake. Nikajibiwa kwamba jicho litamlinda kila aliye mbele."

"Nani alikujibu?"

Meneja aliacha kutafuna. "Mambo ya ofisi hayo," alisema.

Inspekta alisimama. "Koplo, safu ya sita. Piga magoti. Nataka kila mraba kuanzia B mpaka G."

Koplo alipiga magoti katika ule utando, akatambaa na tochi, akikohoa. Mama wa usafi alikuwa amekwisha piga deki sehemu ile Jumatatu. Sabuni ilikuwa imekauka kwa weupe hafifu, na magurudumu ya Kobe yamepita juu yake. Kwenye B na C alama zilikuwa nyororo. Kwenye D zilikatika.

"Hapa alifunga breki, afande. Sabuni imejikunja mbele ya tairi kama pindo la shuka. Na mbele yake, E sita, kuna duara la kitako cha ndoo."

"Duara limekanyagwa?"

"Limekanyagwa baadaye. Tairi imepita juu yake."

Inspekta aliandika. Yule mama alikuwa E sita na ndoo yake. Kobe alifika D sita, akamwona, akasimama. Kwa hiyo jicho lilikuwa zima. Mama akanyanyua ndoo, akampisha. Akaenda bombani kusuuza dasta, kwenye njia ya F, ambayo Kobe hakuwahi kuikanyaga hata siku moja. Akaupa ukumbi mgongo kama mtu aliye salama. Kobe, akiwa na hatua moja pungufu, akageuka mapema na kumfuata huko huko.

"Sasa niambie," alimuuliza mwanamke wa programu. "Yeye ameinama bombani, yuko F tatu. Kobe anafika F nne, anapewa M ya mwisho. Jicho linaona mtu. Anafanya nini?"

"Hasogei. Anabaki F nne."

"Yuko wapi?"

Mwanamke aligeuka kuitazama namba ya njano chini ya magurudumu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Alizuiwa mara moja badala ya mbili," alisema taratibu. "Kati ya D sita na F tatu, mtu alizima jicho."

"Huzimwa wapi?"

"Chumba cha mitambo. Kwa ufunguo."

Hakuna aliyeuliza ufunguo ni wa nani. Msimamizi wa zamu aliutoa mkono wake kiunoni, ulipokuwa umetulia juu ya kishada cha funguo, akauweka mfukoni.

"Njoo hapa," Inspekta alimwita. "Nenda A moja. Wewe ni Kobe."

"Afande, mimi nimefiwa."

"Najua. Nenda A moja."

Alikwenda. Viatu vyake vilinata sakafuni, vikitoa sauti ya kitu kinachobanduliwa. Inspekta akaenda kusimama E sita, juu ya duara la ndoo, akaanza kusoma. "M. M. M. M. M." Mtu yule mkubwa akatembea mraba kwa mraba mpaka A sita. "K." Akageuka. "M. M. M." Akafika D sita, wakawa uso kwa uso. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo.

"M," alisema Inspekta.

"Umesimama njiani."

"Kwa hiyo?"

"Siwezi kupita."

"Vizuri. Hatua imepotea." Inspekta akasogea pembeni. "M. M." Akapita E, akafika F. "K." Akageuka kuelekea mlangoni. Sasa mbele yake kulikuwa na mgongo wa Kobe wa kweli, maboksi yaliyopasuka, na nzi. "M. M." Alifika F nne. Matumbo yalikuwa karibu na kifua chake, yakidondoka.

"M," alisema Inspekta.

Hakusogea.

"M, nimesema."

"Siwezi, afande. Kuna Kobe hapa."

"Jumatatu mahali hapo palikuwa na mama wa watu. Kobe aliweza."

Nzi mmoja alitua kwenye shavu la msimamizi, akatembea mpaka pembeni ya jicho. Hakumfukuza. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu anayelalamikia jambo dogo la ofisini.

"Asubuhi ile Kobe alikuwa amesimamishwa mara tano. Mara tano! Kila akipita, shemeji yuko mbele na ndoo yake, nami nalazimika kumrudisha A moja aanze upya. Zamu yangu ilikuwa inaburuta mkia kwenye ubao wa safari, kila mtu anaona. Nikasema nizime kidogo tu, safari moja imalizike. Nilimwona ameshatoka njiani. Sikujua atageukia F."

"Ulilipa dirisha mgongo ukijaza fomu?"

Msimamizi aligeuka kulitazama dirisha la juu.

"Nimeuliza."

"Nilikuwa natazama," alisema.

Mwanamke wa programu alikuwa ameshafungua kompyuta yake. Kwa ruhusa ya Inspekta, na mbele ya Koplo, aliunga waya kwenye ubavu wa Kobe, akafunika pua kwa kiwiko, akasubiri. Kumbukumbu ya ndani haikuwa kama karatasi ya Meneja. Pembeni ya kila amri kulikuwa na saa na dakika, safu nzima ambayo mtu alikuwa ameikata kabla ya kuchapisha.

"Jicho limezimwa saa nne na dakika tisa," alisoma. "Limewashwa saa nne na dakika kumi na nne."

"Simu ya kuomba gari la wagonjwa ilipigwa saa nne na dakika kumi na saba," alisema Koplo. "Tunayo."

Inspekta aliandika namba hizo tatu moja chini ya nyingine. Kisha akamtazama msimamizi, na kwa mara ya kwanza siku ile akalazimika kugeuka pembeni na kuweka mkono mdomoni. Haikuwa kwa sababu ya matumbo.

"Kwanza uliwasha jicho," alisema alipoweza kusema. "Shemeji yako amebanwa kwenye nguzo, wewe unaweka mashine sawa ili ionekane haikuguswa. Halafu dakika tatu nyingine. Za nini?"

"Nilimpigia bosi."

Wote walimgeukia Meneja. Leso ilikuwa puani, lakini manukato yalikuwa yamekwisha.

"Alikuwa amechanganyikiwa," Meneja alisema haraka. "Nilimwambia atulie tu. Nilimwambia tusikurupuke. Na safu ile ya saa niliikata kwa sababu inajaza karatasi bure. Afande, tunaweza kukaa ofisini, kuna feni, kuna hewa—"

"Tutakaa hapa hapa," alisema Inspekta. "Koplo, andika maelezo yake. Mwandikie akiwa amesimama hapo alipo. Leso aiweke mfukoni, nataka nisikie maneno."

Maelezo yalichukua dakika arobaini. Meneja alitapika mara moja, kwenye viatu vyake vizuri, na hakuna aliyempa maji. Afisa wa afya alipofika saa tisa na amri yake, Inspekta aliisoma yote, akamwambia anaweza kuondoa matumbo lakini si Kobe, wala sakafu ya safu ya sita. Mwanamke wa programu aliombwa aandike nakala tatu za kumbukumbu na kutia sahihi kila ukurasa. Aliandika bila kunyanyua kichwa. Alipomaliza aliuliza kama barua yake itawekwa kwenye jalada. Aliambiwa itawekwa juu kabisa.

Walitoka na watu wawili wakiwa na pingu. Nje jua lilikuwa kali, na kwa dakika chache hakuna aliyefanya lolote zaidi ya kupumua.

Getini alikuwa amesimama mwanamke aliyejitanda khanga nyeusi, ameshika kibebeo cha chakula cha bakuli tatu. Alifanana na picha ya marehemu iliyokuwa kwenye jalada, ila alikuwa mdogo kwa miaka kumi. Alimwona mumewe, akaziona pingu, akatabasamu kidogo kama mtu anayesubiri aelezwe mzaha.

"Baba watoto, nimekuletea chakula. Tangu Jumatatu hujala." Akamgeukia Inspekta. "Mbona mnamfunga? Huyu amefiwa."

Inspekta alimweleza wazi, pale pale getini, bila kupunguza wala kutia chumvi. Jicho, ufunguo, dakika tisa, dakika kumi na nne, dakika kumi na saba. Mwanamke alisikiliza akiwa bado amenyoosha mkono wenye chakula, mpaka Koplo akakichukua na kukiweka chini.

Hakupiga yowe. Alimsogelea mumewe, akasimama karibu naye kabisa.

"Dada aliita?" aliuliza.

Mume alitazama chini.

"Nakuuliza wewe. Dirisha la kule juu huwa wazi. Dada aliita?"

"Aliita."

"Alimwita nani?"

"Mimi. Alisema, 'Shemeji.'"

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Mume aligeuza uso upande wa ghala. Nyuma yao, vibarua wa afisa wa afya walikuwa wameanza kutoa boksi la kwanza kwa koleo. Mwanamke alirudi nyuma hatua mbili, akajifunika pua na mdomo kwa pindo la khanga. Alikuwa amesimama muda wote katika uvundo ule bila kuonyesha kwamba anausikia.

"Mwondoeni hapa, afande," alisema. "Ananuka."